Usiifungue Hiyo Giaboksi Bado, Mdogo Wangu

Wiki hii mambo ya mahari na wakwe yakae pembeni kidogo, maana kuna barua imenikaa moyoni tangu niipokee. Ameiandika binti wa Moshi. Babu yake amefariki na kumwachia Land Rover ya zamani, ile fupi ya inchi 88, naye aliahidi kuitunza. Shida yake ni kwamba kila akitaka kurudi gia ya pili kutoka ya tatu, ndani kunasikika meno yakisagana. Kijana wa gereji amemwambia giaboksi imekufa, itolewe, iwekwe ya Toyota pamoja na injini yake. Mjomba naye kaongeza kwamba gari lile si la mwanamke, heri liuzwe. Anauliza, "Dada, nifanye nini?"

Pole sana kwa msiba, mdogo wangu. Nakusihi usimlipe mtu hata senti, wala usimruhusu mtu aligeuze gari juu chini, mpaka unisikilize. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani giaboksi yako ni nzima na inafanya vile ilivyotengenezwa ifanye.

Kwanza tujue gari lenyewe. Ingia ndani uangalie mita za mwendo na mafuta zimekaa wapi. Zikiwa katikati ya dashibodi, na grili ya mbele ni wavu wa chuma, basi hiyo yaelekea ni Series II au IIA, za kati ya 1958 na 1971. Zikiwa mbele ya usukani, na grili ni ya plastiki, ni Series III, iliyoanza 1971 na kuendelea mpaka 1985. Umesema mita zako ziko katikati. Basi jibu la nusu ya barua yako liko hapo, kwa sababu katika Series II na IIA ni gia ya tatu na ya nne tu zenye sinkromeshi. Ya kwanza na ya pili hazina. Waliozitengeneza kule Solihull, karibu na Birmingham, walitarajia kazi hiyo ifanywe na mguu wa dereva. Babu yako aliijua. Kijana wa gereji, ambaye pengine amejifunzia Corolla, hajawahi kufundishwa.

Angalizo dogo: sehemu za Land Rover huhama kutoka gari hadi gari, hasa huku kwetu, kwa hiyo bodi ya IIA yaweza kuwa imebeba giaboksi ya Series III. Ila wewe umesema ya tatu na ya nne zinaingia laini na ya pili ndiyo inayolia. Hiyo ndiyo tabia ya IIA.

Nataka uelewe kinachotokea mle ndani, kwa sababu ukikielewa hutakariri tena. Injini inazungusha klachi, klachi inazungusha shafti ya kuingilia, na hiyo inaizungusha shafti ya chini iliyobeba meno ya gia. Upande wa pili kuna shafti ya kutokea, ambayo imefungamana na magurudumu. Gari likiwa kwenye gia, pande hizi mbili zimeshikana. Ukitoa gia, kila upande unabaki na kasi yake, mmoja ya injini na mwingine ya magurudumu. Kuingiza gia nyingine ni kuzikutanisha tena, na kasi zikipishana meno hugongana badala ya kushikana. Umewaona makonda wanavyodandia daladala lililokwisha ondoka. Hukimbia nalo sambamba kwanza, miguu ikishalingana na mwendo wake ndipo wanapanda. Meno ya gia nayo yanadai hivyo hivyo.

Sinkromeshi ni ringi ya shaba inayogusana na gia muda mfupi tu kabla ya meno kukutana, ikazisugua kasi mbili mpaka zilingane. Ilianza kwenye magari ya Cadillac ya Marekani mwaka 1928, kazi ya mhandisi Earl Thompson. Kabla ya hapo, tangu Wafaransa Panhard na Levassor walipoanzisha gia za kuteleza kwenye shafti mwanzoni mwa miaka ya 1890, madereva wa gia hizo walilinganisha kasi kwa sikio na mguu. Waingereza waliipokea sinkromeshi mapema miaka ya 1930, lakini kwa muda mrefu waliitia gia za juu tu. Gia ya kwanza, walisema, ni ya kuondokea gari likiwa limesimama, inahitaji ringi ya nini? Ndiyo maana Morris Minor, iliyotoka 1948 na kutengenezwa hadi 1971, haikuwahi kupata sinkromeshi kwenye gia ya kwanza. Mini ya 1959 iliingojea mpaka 1968. Hata MGB, gari la vijana wenye pesa, iliikosa tangu 1962 hadi mwishoni mwa 1967. Land Rover ilibana zaidi, ikaiacha na ya pili.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Madereva wa malori ya zamani huiita dabo klachi.

Tuanze na kupandisha, kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kanyaga klachi huku ukiondoa mguu kwenye mafuta, toa gia hadi nyutro, kisha achia klachi. Tulia kidogo, usikie sauti ya injini ikishuka. Kanyaga klachi tena, ingiza ya pili, achia. Kile kitambo cha kutulia ndicho chenye maana, kwa sababu gia ya juu inataka injini izunguke polepole zaidi, na injini haishuki papo hapo. Ukikurupuka italia. Ukichelewa mno italia pia, kwa sababu itakuwa imeshuka kupita kiasi. Kuna nukta katikati ambapo mkono wa gia unaingia wenyewe kama umevutwa, nawe utaijua siku ile ile utakayoikuta.

Kushusha ndiko kulikokuliza. Uko gia ya tatu, mwendo wa kama kilomita 25 kwa saa, unataka ya pili. Kanyaga klachi, rudisha nyutro. Achia klachi yote. Ukiwa hapo nyutro, mguu wa klachi uko juu, piga resi kidogo. Kanyaga klachi, ingiza ya pili bila kusitasita, achia. Mara ya kwanza itakuwa ndefu kama risala ya harusi, lakini ukizoea yote hupita ndani ya pumzi moja.

Wengi hukosea mahali pamoja, nami nakuomba upasome mara mbili. Wanapiga resi klachi ikiwa imekanyagwa. Injini inanguruma, wanajiona wamefanya dabo klachi, na gia inalia vile vile. Klachi ikiwa chini, injini imetenganishwa na giaboksi, kwa hiyo shafti ya chini haipati chochote katika ile resi. Lazima mguu utoke kwenye klachi kwanza, gia ikiwa nyutro, ndipo resi ifike mle ndani na kuipandisha kasi shafti.

Resi kiasi gani? Kwenye giaboksi ya IIA uwiano wa gia ya tatu ni 1.50 na wa ya pili ni 2.22. Maana yake, injini iliyokuwa ikizunguka mara 1,500 kwa dakika kwenye gia ya tatu inatakiwa ifike karibu 2,200 ili ikubaliane na ya pili kwa mwendo ule ule wa gari. Ni kama nusu ya ziada, siyo mngurumo wa mashindano. Land Rover yako haina mita ya mizunguko, kwa hiyo chombo chako ni sikio. Ili ulizoeze, endesha gia ya pili kwa kilomita 25 na usikilize sauti ya injini. Kisha panda ya tatu, rudi kwenye mwendo huo huo, na unaposhusha, piga resi mpaka uisikie ile sauti ya awali. Basi.

Nenda uwanja wa shule siku ya Jumapili, gari likiwa limeshapata joto. Usiende na mtu atakayekusimamia kwa kelele. Fanya kupandisha peke yake mpaka uwe huru nako, kisha ndipo uanze kushusha. Na mkono wako uwe mwepesi. Gia ikigoma usiisukume kwa nguvu, kwa sababu unachokisikia kikilia ni chuma kinacholika. Rudi nyutro, achia klachi, anza upya.

Kuna jambo moja hapa ambalo silitanii hata kidogo, nalo ni mteremko. Wewe unaishi chini ya mlima, barabara za Kibosho na Marangu unazijua kuliko mimi. Chagua gia kabla hujaanza kuteremka, gari likiwa bado mwendo mdogo mahali pa tambarare. Ukisubiri mpaka uko katikati ya mteremko ndipo utafute gia ya pili, kisha ukaikosa, utakuwa kwenye nyutro, gari linaongeza kasi, na kinachokushikilia ni breki za ngoma za zamani zinazopoteza nguvu zikipata moto. Gia unayoshuka nayo iwe ile unayoweza kupandia mlima huo huo. Na mteremko wa matope, tumia ile mikono miwili midogo.

Yenye kirungu chekundu na cha njano, ndiyo. Chekundu kikiwa mbele uko kwenye gia za kawaida. Ukikivuta nyuma unaingia gia nzito, na magurudumu yote manne yanavuta. Kivute gari likiwa limesimama. Cha njano ukikibonyeza chini kinaunganisha magurudumu ya mbele huku ukibaki kwenye gia za kawaida. Kukitoa, vuta chekundu nyuma kisha kirudishe mbele, chenyewe kitaruka juu. Na usiendeshe hivyo kwenye lami kavu. Land Rover hizi hazina difu ya katikati, kwa hiyo kila kona ekseli za mbele na nyuma zinavutana, na kinachokatika mara nyingi ni shafti za ekseli ya nyuma, ambazo ndizo udhaifu unaojulikana wa gari hilo.

Haya. Tuseme umejifunza, mguu wako umekubali, na bado kuna kelele. Hapo ndipo tunaanza kuichunguza giaboksi, na tunaanza na kile kilicho nje yake. Simamisha gari, injini ikiwa inazunguka taratibu. Kanyaga klachi mpaka chini, subiri sekunde kumi, kisha ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi yako inaachia vizuri. Ikilia hata baada ya kusubiri, klachi haitengani yote na injini, na giaboksi haina hatia. Klachi ya gari hilo inasukumwa kwa mafuta kama breki. Angalia kopo lake kama mafuta yamepungua, angalia pampu ya juu penye pedali na ile ya chini penye giaboksi kama zinavuja, kisha fundi atoe upepo. Ni kazi ndogo ukilinganisha na kushusha giaboksi, na naamini giaboksi nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya pampu ya klachi iliyokuwa inavuja polepole.

Na hata klachi ikiwa nzima, ukitaka kuingiza ya kwanza au rivasi gari limesimama, iguse gia ya tatu kwanza. Ringi yake ya sinkromeshi itaisimamisha ile shafti ya chini, nawe utaingiza unayoitaka bila kelele.

Kuna dalili nyingine ambazo kweli ni za ugonjwa. Gia ikiruka yenyewe kurudi nyutro pale unapoondoa mguu kwenye mafuta, anza na springi zinazoshikilia mikono ya ndani ya gia, ambazo ni rahisi. Zikiwa nzima, tatizo liko ndani zaidi. Ikiwa gari linavuma kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu lakini linanyamaza kwenye ya nne, elekeza macho kwenye beringi za shafti ya chini, kwa sababu gia ya nne hupita moja kwa moja bila kuitwisha shafti hiyo mzigo. Likivuma kwenye gia zote, tafuta kwenye giaboksi ndogo ya nyuma au kwenye difu. Mweleze fundi wako hivyo hivyo, na uone atakavyobadilika kukuangalia.

Oili inahitaji tahadhari yake. Land Rover hiyo ina vyumba viwili vya oili, giaboksi kubwa inayochukua kama lita 1.5 na ndogo inayochukua kama lita 2.5, na kati yao kuna sili. Sili ikichoka, oili inahama kutoka kubwa kwenda ndogo bila kudondoka hata tone chini. Utaona sakafu ni safi, uridhike, kumbe gia zako zinakauka. Kagua vyote viwili. Oili yenyewe ni EP90, na ukienda dukani mwombe muuzaji akuonyeshe maandishi ya GL-4. Ile ya GL-5 ni nzuri kwa difu nyingi za kisasa, lakini dawa zake zinaweza kuila shaba, na ringi zako za sinkromeshi ni za shaba. Usikubali kuambiwa zote ni sawa.

Hapa nigeuke kidogo kwa mdogo wangu mwingine aliye Birmingham, anayetaka kununua Morris Minor au Mini ya zamani. Usiende na kanuni ya Land Rover ya EP90. Giaboksi ya Minor huwekwa oili ya injini, kadhalika ya MGB, na vitabu vyao vinasema hivyo. Mini ndiyo ya ajabu kabisa, kwa sababu Alec Issigonis aliiweka giaboksi chini ya injini, ndani ya bakuli moja la oili, kwa hiyo meno ya gia na pistoni vinakunywa oili moja. Vumbi la chuma linalotoka kwenye gia linazunguka mpaka kwenye beringi za injini. Ukiinunua, badilisha oili mapema na mara kwa mara, usiwe mchoyo hapo. Jaribu gia ya pili kabla hujalipa. Chukua mwendo, shusha kutoka ya tatu haraka kidogo, na kama inakwaruza kwenye gari lenye sinkromeshi ya pili, ringi imekwisha, na bei ishuke. Kwako kelele hiyo ni ugonjwa. Kwa mwenzako wa Moshi ni maumbile. Na kitu kimoja cha kisheria. Kama mtihani wako wa udereva wa Uingereza uliufanya kwa gari otomatiki, leseni yako haikuruhusu kuendesha gari la klachi. Shughulikia hilo kabla ya kuhifadhi tangazo la gari kwenye simu na kuliangalia usiku kucha.

Turudi Moshi. Sisemi kila anayebadilisha injini na giaboksi anakosea. Mwenye kubeba ndizi na abiria kila siku anahesabu mafuta na muda wa gereji, na ana haki yake. Lakini wewe umerithi, hujakodisha. Ukitia injini yenye nguvu mara mbili, zile shafti za ekseli nilizokutajia na breki za ngoma zilizopimwa kwa injini ya asili ya nguvu za farasi zisizofika 80 zitaanza kulia zenyewe, na utajikuta unabadilisha kimoja baada ya kingine mpaka kibaki kibao cha jina tu. Spea za Series bado zinapatikana Uingereza, kuanzia sili mpaka gia. Muda unao. Ukishaikata chasisi na kuchomelea mabano mapya, kurudi nyuma ni gharama kubwa.

Kuhusu mjomba, usibishane naye. Mpe shikamoo yake, mkaribishe chai. Kama anapenda historia, mkumbushe kwamba Elizabeth, kabla hajawa Malkia wa Uingereza, alijiunga na jeshi la wanawake mwaka 1945 akafundishwa udereva na ufundi wa magari, na akaendelea kuendesha Land Rover mpaka uzeeni. Dabo klachi haihitaji misuli. Inahitaji sikio na subira, na mjomba anajua ni nani katika ukoo alikuwa akikaa na babu kwenye gari hilo akimsikiliza.

Wiki hii usiende gereji kabisa. Kagua kopo la mafuta ya klachi, fungua nati za kukagulia oili za vyumba vyote viwili, halafu nenda uwanjani. Ukiona klachi inavuja, ndipo umwite fundi, na umwambie unataka pampu ya chini tu. Simama pale pale anapofanya kazi, na ile pampu ya zamani mwombe akukabidhi mkononi. Kisha niandikie, unieleze ya pili iliingiaje.